Lita Sifuri

Saa kumi alfajiri, na bomba tayari lina joto.
Nalifungua, naacha maji ya jana yatoke,
maji yaliyolala ndani ya mpira yakapata homa,
kisha nahesabu: koti, helmeti, glavu, mtungi wa hewa.
Sajeev anatia vema kwenye karatasi.
Tunatia saini. Hakuna kilichoungua.

Ndege huja Marmul Jumapili na Jumatano.
Tunaingoja kando ya njia yake, injini ikinguruma.
Inatua salama, kila mara inatua salama,
inatema wafanyakazi na magunia ya vitunguu,
nasi tunarudi bandani kama watu waliokosa harusi.

Mama yupo Ibra. Alizaliwa Tabora,
na Kiarabu chake hadi leo kinanukia asali ya miombo.
Kila Ijumaa hunipigia:
“Umezima mingapi?”
“Hata mmoja, Mama.”
“Basi mshahara wanakupa wa nini?”
“Wa kungoja.”
Anacheka. Anauliza kama nakula mboga.

Dadkarim, aliyekuwa zamu moja nami miaka minne,
sasa analinda kituo cha watafiti kwenye barafu,
kule ambako jua likizama hukaa miezi bila kuaga wala kurudi.
Hunitumia sauti, pumzi ikikwaruza:
“Ukigusa chuma bila glavu kinakung’oa ngozi.”
Na huku pia, ndugu yangu. Mwezi wa sita
nilishika kitasa cha gari,
kiganja kikabaki na muhuri wake wiki nzima.
“Maji yetu,” anasema, “tunayayeyusha kwanza.”
Yetu huletwa na lori kutoka mbali,
dereva akatukabidhi kama anayekabidhi mtoto wa watu.
“Hewa ni kavu kama ya huko. Cheche moja, mbao zinaitika.”
Nikamwuliza, umezima mingapi?
Ukapita upepo mrefu kwenye simu.
Hakusema. Nami sikurudia.

Kisha Agosti, saa nane usiku, redio ikakohoa:
gari linawaka, kaskazini, ukipita kisima cha zamani.
Sajeev akavaa buti la kulia mguu wa kushoto.
Tukaenda saa nzima na nusu juu ya changarawe,
king’ora kikilia, sijui kikimwambia nani apishe,
na ule mwanga mbele yetu
ukizidi kuwa mdogo kadiri tulivyoukaribia.

Tulikuta mbavu nyeusi za pikapu,
mbuzi kumi na mmoja wamesimama kimya,
na mwanamke, Tufuli, na kijana wake,
masizi mpaka kwenye kope.
Alikuwa ameuzika kwa mchanga,
akichota kwa sinia la wali, sinia baada ya sinia.
Vipande vya tenga la mbuzi vilibaki makaa.
Juu ya makaa, birika.
“Mmetoka mbali,” alisema. “Kaeni.”

Sajeev aliketi na koti zima, helmeti mapajani,
kikombe kikipotea ndani ya glavu.
Kahawa ilikuwa na iliki
na, kwa mbali, raba.
Tukanywa viwili viwili, tukatikisa vikombe.
Kisha nikalifungua bomba kwa upole,
kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa,
mbuzi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Kwenye fomu kuna safu:
*Maji yaliyotumika kuzima moto.*
Nikaandika: lita sifuri.
Mbuzi hawana safu.

Ijumaa simu ikalia.
“Umezima mingapi?”
“Mmoja, Mama. Nimeukuta umezimwa.”
“Sasa wewe ukaufanya nini?”
“Nikaunywa.”
Akanyamaza kidogo.
“Na mboga?”